Springi za Kujitengenezea: Mkono wa Fundi na Mkono wa Sheria

Ripoti iliyotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira mwezi Oktoba 2020 ilibainisha kwamba kati ya mwaka 2015 na mwaka 2018 magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika yaliuzwa nchi za nje, mengi yakitoka Ulaya, Japani na Marekani, na kwamba fungu kubwa kuliko yote lilikuja Afrika. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi moshi na umri wa magari hayo. Kenya ilikuwa imekwisha kuweka mpaka wa miaka 8. Uganda nayo, kwa sheria ya mwaka 2018, ikazuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 15. Hatua hizo ni za haki, lakini zinalipima gari siku linapovuka forodha. Hazisemi neno juu ya yale yanayotendeka baadaye katika gereji ya kichochoroni, ambako gari lililoundwa kwa ajili ya lami ya Nagoya huinuliwa, hukatwa na kuchomelewa ili lipate kuishi katika barabara zetu za changarawe na matuta.

Miongoni mwa matengenezo hayo limo moja ambalo limeenea kimya kimya, nalo ni springi ya kurekebishika ya kujitengenezea. Asili yake si kwetu. Ilitoka katika viwanja vya mashindano ya Ulaya na Marekani, ambako dereva hutaka gari likae karibu na ardhi, tena aweze kubadili kimo chake kwa kuzungusha pete tu. Vijana wa huko wasio na fedha za kununua vifaa vya kiwandani walianza kujitengenezea wenyewe katika vibanda vya nyuma ya nyumba. Hapa kwetu shabaha imepinduka: wengi wanataka gari lipande, wala si lishuke. Lakini chombo ni kile kile, na hatari zake ni zile zile, pamoja na nyingine ambazo wenzetu wa viwanja vya mashindano hawakuzijua.

Ili msomaji alielewe jambo hili, yafaa kwanza atazame mguu wa mbele wa gari dogo la kawaida. Mpango wake ulibuniwa na mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, baada ya Vita Kuu ya Pili, alipokuwa akishughulikia gari dogo la Chevrolet lililopewa jina la Cadet. (Jina hilo humfurahisha kila aliyepita katika chuo cha maofisa, ingawa kadeti huyo hakuhitimu: mradi ulifutwa mwaka 1947, na MacPherson akahamia Ford.) Mwaka 1950 Ford ya Uingereza ilionyesha magari ya Consul na Zephyr yaliyotumia mpango huo, na hadi leo magari madogo mengi mno yanautumia. Ndani yake shokomzoba, ambayo mafundi wetu huiita shokapu, imesimama wima, na springi imeizunguka kama nyoka aliyejiviringisha kwenye mti. Springi hubeba uzito. Shokomzoba huizuia isirukeruke. Chini, springi hukalia sahani ya chuma iliyochomelewa kiwandani, isiyopanda wala kushuka.

Fundi anayetengeneza springi ya kurekebishika huikata sahani hiyo. Mahali pake huvika bomba la alumini lenye hesi kwa nje, likaegemea pete iliyochomelewa kwenye mwili wa shokomzoba. Juu ya hesi huweka pete mbili: moja ya kuikalisha springi, ya pili ya kuifunga ile ya kwanza isilegee. Kisha springi pana ya kiwandani huondolewa, na kuwekwa nyembamba, iliyonyooka, fupi na ngumu zaidi. Kama hatua ya hesi ni milimita 2, kila mzunguko mmoja wa pete huipandisha au kuishusha springi kwa milimita 2. Mwenye mashine ya kukereza na mkono uliotulia aweza kuimaliza kazi hii kwa siku mbili. Hapana budi kukiri kwamba ni kazi ya ustadi, na mwenye kuidharau hajapata kujaribu kukata hesi iliyo sawasawa.

Matata yanaanzia katika hesabu, ambayo haionekani kwa macho. Tuchukue pembe moja ya gari inayobeba kilo 300. Springi inayohitaji nguvu ya nyutoni 30 ili ibonyee milimita moja, chini ya uzito huo itabonyea karibu milimita 100. Ukiweka yenye ugumu maradufu, itabonyea milimita 50 tu. Sasa tairi likitumbukia katika shimo, mguu hunyooka kwenda chini. Springi ya kwanza ina milimita 100 za kujifungua huku ingali imekaza. Ya pili inazo 50. Mguu ukinyooka kupita hapo, springi hubaki imelegea kabisa, hucheza katika kiti chake, na tairi linaporudi juu yaweza kukaa upande au kuchomoka. Katika uwanja wa mashindano uliosakafiwa mguu haunyooki kiasi hicho mara kwa mara. Katika barabara iliyoliwa na mvua hunyooka kila baada ya hatua chache. Dawa yake ipo, nayo ni kuweka springi ndogo ya msaada juu ya ile kubwa, ishikilie nafasi hiyo. Lakini hiyo ni gharama ya ziada, na katika gereji gharama isiyoonekana na mteja ndiyo huachwa kwanza.

Jambo la pili ni moto. Shokomzoba imejaa mafuta, na nyingi za siku hizi zina gesi iliyoshindiliwa. Kuchomelea pete juu ya chombo cha namna hiyo kabla ya kukimwaga na kukitoa gesi ni kutengeneza bomu kwa mikono miwili. Springi yenyewe nayo si chombo cha mzaha. Springi ya kiwandani ya ugumu tuliokwisha kuutaja, ikibanwa milimita 150 ili ifunguliwe, huwa imeficha nguvu sawa na gunia la kilo 34 lililoinuliwa kimo cha mita moja. Ikifyatuka kutoka katika kamba au waya uliotumika badala ya kibanio halisi, haichagui kati ya mkono na uso. Na wako wanaoipasha springi kwa gesi ili ilegee na kushuka. Hao wanaliua pigo la chuma lililotiwa kiwandani, na springi huvunjika baadaye bila ya kutoa taarifa.

Tatu ni mizani. Gari husimama kwa miguu minne, na kila aliyelalia kitanda kilichosimama pasipo sawa anajua kwamba mguu mmoja ukirefuka, uzito huhamia kwake na kwa ule wa mshazari wake, na miguu miwili mingine hubaki mepesi. Anayezungusha pete moja ili “kunyoosha” gari linaloinama huenda akalinyoosha kwa macho, kumbe amelinyang’anya tairi moja la mbele uzito linaouhitaji wakati wa kufunga breki. Anayeinua pande zote naye huinua kitovu cha uzito, hupindua pembe za vyuma vinavyozungusha matairi ya mbele hata mipira yake ikachanika, na taa zake huanza kumulika machoni mwa wanaokuja.

Wapo watakaouliza: je, historia haikutufundisha kwamba gari laweza kutumikishwa kupita lilivyoundiwa? Katika vita vya Chad na Libya, majeshi ya Chad yalitumia pikapu za Toyota zilizofungwa silaha, pamoja na makombora ya MILAN kutoka Ufaransa, na mwezi Machi 1987 yakaiteka ngome ya Ouadi Doum iliyokuwa na vifaru na ndege. Ni kweli. Lakini kamanda aliye vitani huridhia gari life mwisho wa juma, maadamu kazi imetendeka. Mwenye teksi aliyepakia abiria wanne hana idhini ya hesabu hiyo.

Ni nini basi ifanywe? Kupiga marufuku ni rahisi kuandika na vigumu kutekeleza. Barabara zitabaki na mashimo, magari yatabaki kuja mafupi, na fundi aliyekatazwa mchana atafanya kazi usiku, palipo na mwanga mdogo zaidi. Yafaa tutazame nchi yanakotoka magari yenyewe. Japani haikukataza. Iliweka kwamba sehemu ya chini ya gari isikae karibu na ardhi kuliko sentimita 9, na ikalipeleka gari la abiria la mtu binafsi kwenye ukaguzi miaka 3 baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Ujerumani nayo hudai kwamba badiliko la springi lichunguzwe na mtaalamu, na liandikwe katika hati za gari. Kwa njia hiyo badiliko lina jina, tarehe na mtu wa kulijibia.

Katika jeshi lenye nidhamu kila gari lina daftari lake, na fundi akibadili hata bolti ya usukani huandika na kutia sahihi. Sioni kwa nini gari la raia lisiwe na ukurasa wa namna hiyo. Gereji isajiliwe, anayechomelea sehemu za miguu na usukani afanye mtihani wa kuchomelea, badiliko liandikwe, nakala ibaki kwa mwenye gari na kwa mwenye bima. Vyuo vya ufundi vyenye mashine za kukereza vingeweza kuwa mahali pa mtihani huo, bila ya kujenga ofisi mpya. Ada iwe ndogo. Ikiwa kubwa, cheti kitauzwa dirishani na gari halitaguswa, na hapo tutakuwa tumeanzisha biashara nyingine tu.

Mkaguzi aliyezoea kutazama taa, honi na tairi lenye upara hahitaji chombo cha thamani ili aanze kazi hii. Na aliinue gari kwa jeki mpaka tairi lining’inie, kisha aingize mkono aishike springi na kujaribu kuizungusha. Ikizunguka katika kiti chake, gari hilo lisirudi barabarani siku hiyo.