Ushauri wa chati za kahawa upimwe kwanza

Kila msimu wa kahawa unapofika, viongozi wa vyama vya ushirika hukabiliwa na swali lile lile: kuuza sasa au kusubiri bei ipande? Zamani jibu lilitegemea uzoefu na fununu za mnadani Moshi. Siku hizi chati za bei za New York, inayoongoza bei ya arabika, na za London kwa robusta, zinaonekana hata kwenye simu, na washauri wa kuzisoma hawakosekani.

Msoma chati huangalia mwendo wa bei zilizopita na kutafuta maumbo yanayojirudia. Wastani wa bei wa siku 50 ukivuka juu ya ule wa siku 200, husema nunua. Ukishuka chini yake, uza. Haulizi mvua imenyesha kiasi gani Brazili, kwa imani kwamba yote hayo yameshaingia ndani ya bei.

Upande wa pili wapo wataalamu wa fedha wanaotumia takwimu na kompyuta. Wengi hudhani makundi haya mawili ni maadui, na ni kweli kwamba vyuoni wasoma chati waliwekwa kwa miaka mingi karibu na wapiga ramli. Lakini malighafi yao mara nyingi ni moja, yaani bei zilizopita. Kinachowatenganisha ni kipimo. Msoma chati akisema umbo fulani ni dalili ya kupanda, mtu wa hesabu huuliza: mara ngapi limetimia, na gharama zikiondolewa kinabaki nini?

Mwaka 1992 Brock, Lakonishok na LeBaron walipima kanuni rahisi za chati kwa fahirisi ya hisa ya Dow Jones kuanzia 1897 hadi 1986, wakakuta zina ukweli fulani. Mwaka 1999 Sullivan, Timmermann na White walipanua jaribio hilo hadi kanuni karibu 8,000. Iliyoongoza huko nyuma haikufua dafu katika miaka 10 iliyofuata. Mtego uko hapo. Anayejaribu kanuni elfu nane hawezi kukosa moja iliyobahatika, na hiyo ndiyo atakayoitangaza.

Hata hivyo, si kila kitu kilianguka. Moskowitz, Ooi na Pedersen walichunguza mwaka 2012 masoko 58, yakiwamo ya mazao, wakaona kuwa bei iliyopanda kwa miezi 12 ilielekea kupanda tena mwezi uliofuata. Wasoma chati walikuwa wakisema hivyo tangu zamani. Lakini mfuko wa uwekezaji unaofuata kanuni hiyo hutawanya fedha zake kwenye masoko mengi. Ukipata hasara kwenye kahawa hufidia kwa shaba au ngano, na ukiona umekosea huuza mkataba wake kwa dakika chache. Chama cha msingi kina zao moja, ghala moja na mkopo unaozaa riba wakati magunia yamelala.

Tena kahawa ni zao la mishtuko. Hakuna mstari wa chati uliochora baridi kali iliyopiga mashamba ya Brazili Juni na Julai 1994 na kuipeleka bei ya New York juu ya Dola 2 kwa ratili. Mwaka 2001 bei hiyo ilishuka hadi chini ya senti 50; Februari 2025 ilipita Dola 4.

Kiongozi anayetaka kuchelewesha mauzo kwa sababu ya chati anapaswa kuleta mbele ya mkutano wa wanachama kumbukumbu za ushauri huo: misimu uliyopatia, misimu uliyokosea, na gharama za ghala na riba kwa kila mwezi wa kusubiri. Asipokuwa nazo, kahawa iuzwe kwa mafungu katika minada ya msimu mzima, kwa kuwa hasara ya kusubiri hailipwi na mshauri bali na mkulima.