Msiing'oe Mitufaha Yetu

Wanafunzi wenzangu,

Nimesikia kwamba mitufaha sita iliyo nyuma ya bweni itang'olewa, na mahali pake ipandwe mikaratusi. Sababu ni kwamba huu ni mwaka wa nne nayo haijazaa ila majani. Naomba ruhusa nilipinge shauri hilo.

Mtufaha ni mti wa nchi za baridi. Huko Ulaya, baridi ifikapo, hupukutisha majani na kulala. Aina nyingi hutaka kiasi cha saa 800 hadi 1,000 za baridi isiyozidi digrii 7 ndipo zichanue vizuri. Hapa Kabale tuko milimani, karibu meta 2,000 juu ya bahari, na usiku twajifunika mablanketi mawili. Hata hivyo baridi yetu haitoshi. Mti wetu hukesha mwaka mzima.

Mtu atauliza, "Basi mlipanda kwa nini?" Twalipanda kwa sababu ziko aina zisizotaka baridi nyingi: Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyotoka visiwa vya Bahamas. Hizo ndizo wanazopanda wakulima wa huku Kigezi, tena kwa kuchanganya, maana Anna huzaa vizuri zaidi apatapo chavua ya mwenziwe. Mitufaha yetu ni ya aina hizo hizo. Lakini hata baridi hiyo kidogo hatuna. Yafaa mkono wa mtu ufanye kazi ya baridi.

Huko Batu, katika kisiwa cha Java, hakuna majira ya baridi kabisa. Wakulima wakisha kuvuna huyapukusa majani yote kwa mikono, na mti huchipua maua upya. Kwa njia hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka. Mimi nilikuwa kiranja wa bustani mwaka jana. Nilipalilia, nikatia samadi, lakini jani sikuligusa. Kosa si la mti, ni letu.

Sikatai kwamba jiko letu lahitaji kuni, na mkaratusi hukua upesi. Lakini mahali pa kuupanda ni pengi. Mitufaha iliyokwisha shika mizizi ni hii sita tu.

Shauri langu ni hili: tupewe mwaka mmoja. Matawi yakikomaa, kila darasa lipukuse majani ya mti wake na kuyainamisha matawi kwa kamba. Mwaka ukiisha bila ua hata moja, jembe la kung'olea nitalileta mwenyewe.