Usingizi na Vidonge vya Rafiki

Mama mmoja wa Gongo la Mboto ametuletea suali hili. Mwanawe, kijana wa miaka 19, ana wiki tatu sasa halali ila kwa tabu. Rafiki yake amemletea vidonge visivyo na karatasi ya daktari, akamwambia kuwa usingizi hufanywa na kitu kiitwacho serotonini, na kwamba vidonge hivyo huiongeza ubongoni. Mama anauliza: Je, maneno haya ni kweli, na amwache avimeze?

Jawabu: Maneno hayo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli huweza kumdhuru mtu kuliko kutojua kabisa.

Serotonini ni kemikali ambayo kwayo chembe za ubongo hupelekeana habari. Katika miaka ya 1960, Michel Jouvet, mtaalamu wa mji wa Lyon, Ufaransa, aliziharibu chembe ziitengenezazo katika shina la ubongo wa paka, na paka hao wakawa hawalali ila kidogo. Paka wengine wakapewa dawa izuiayo serotonini isitengenezwe. Baada ya kama siku moja usingizi wao ukaanza kupungua, hata ukakaribia kwisha. Walipopewa kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa serotonini, wakalala tena. Mtu akiishia hapa atasema: basi, serotonini ndiyo usingizi.

Lakini elimu haikuishia hapo. Watafiti wa Marekani waliendelea kuwapa paka dawa ile ile siku baada ya siku, wakaona usingizi umerudi kwa sehemu kubwa, na hali serotonini bado ni haba. Mwaka 1976 wengine walizipima chembe zenyewe, wakazikuta zina kazi zaidi paka awapo macho, na karibu hunyamaza kabisa katika usingizi wa ndoto. Kisha mwaka 2019, uchunguzi wa samaki wadogo na panya uliofanywa California ulionyesha tena kuwa chembe hizo zinasaidia kuleta usingizi. Kwa hiyo serotonini ni msaidizi mmoja miongoni mwa wasaidizi wengi, wala siyo usingizi wenyewe.

Watu wa Gongo la Mboto wanalijua hili kwa nafsi zao. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha ya jeshi yalipolipuka, maelfu walikimbia majumba yao na wakakesha. Hapakuwa na aliyewapunguzia serotonini. Hofu peke yake ilitosha.

Ama hivyo vidonge, asivimeze. Zipo dawa za hospitali zinazogusa serotonini, nazo zina manufaa makubwa kwa mgonjwa aliyeandikiwa na daktari. Lakini serotonini ikizidi kupita kiasi, khasa mtu anapochanganya dawa, huleta mitetemeko, homa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa, na huweza kuua. Dawa isiyojulikana jina wala kiasi chake si tiba, bali ni kujitia katika hatari, na dini yetu imekataza mtu kujidhuru.

Mama na amwulize mwanawe kwa upole, bila ya kumkaripia: ni lipi linalomkesha? Huenda ni deni, huenda ni huzuni, huenda ni simu anayolala nayo mkononi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alichukia mazungumzo yasiyo na haja baada ya sala ya Isha. Basi simu na iwekwe chumba kingine wakati huo. Na kwa kuwa wiki tatu si muda mchache, ampeleke kwa daktari, wala asione haya, akichukua na hivyo vidonge vikatazamwe.

Qurani imeuhesabu usingizi kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Paka wa Lyon wametuonyesha jinsi ishara hiyo ilivyosukwa kwa nyuzi nyingi. Basi asiivute moja yao kiholela mtu asiyeijua.

Wallahu aalam.