Ngozi London, Kima Jozani

Mwaka 1868, John Edward Gray wa Jumba la Makumbusho la Uingereza aliwatangazia wataalamu wa London aina mpya ya mbega mwekundu kutoka Zanzibar. Akampa jina la John Kirk, daktari wa uwakilishi wa Uingereza kisiwani. Maelezo yake yalichapwa katika jarida la Jumuiya ya Zoolojia ya London, yakiambatana na mchoro wa rangi. Kwa Waunguja mnyama huyo hakuwa mgeni: ni kima punju wao, ambaye leo yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Michoro ya namna hiyo ilipitia mikono mingi. Msanii alichora juu ya jiwe, mpigachapa akatoa nakala, kisha wapaka rangi wakazijaza moja moja kwa brashi. Mara nyingi mchoraji hakuwahi kumwona mnyama akiwa hai. Mbele yake palikuwa na ngozi iliyokaushwa au kujazwa. Ngozi haitunzi kila kitu. Wekundu wa manyoya ya mgongoni hudumu, lakini rangi ya waridi ya midomo na pua huondoka mwili unapokauka. Mkao wa mnyama na tawi la kumkalisha vilibaki kwa mchoraji kukisia.

Toleo hili linashikilia kwamba michoro hiyo isomwe kama ushahidi wa kilichofika mezani kwa mchoraji. Kwa kazi hiyo ina thamani kubwa. Ikifanywa sura kamili ya mnyama, inapotosha.

Tazama kima punju wanaoishi kwenye mashamba jirani na msitu wa Jozani, Unguja. Hula majani machanga ya miembe na mikungu, yenye kemikali zinazosumbua tumbo, kisha huokota vipande vya makaa kwenye visiki vilivyoungua na matanuri ya mkaa na kuvitafuna, kwa kuwa makaa hunasa kemikali hizo. Ngozi isingeweza kumwonyesha mchoraji tabia hiyo. Wala isingeonyesha barabara inayopita Jozani, ambako magari yaliwagonga kima hadi yakawekwa matuta ya kupunguza mwendo. Sensa ya karibuni ilihesabu zaidi ya kima punju 5,800, na baadhi yao huishi karibu na watu.

Mwaka 2005 mambo yaligeuka. Wanasayansi walipomtambulisha kipunji, nyani wa misitu ya Rungwe na Ndundulu ambaye Wanyakyusa walikwisha kumjua, hawakuwa na ngozi wala fuvu. Dume aliyepigwa picha msituni ndiye aliyewekwa kuwa kielelezo cha spishi hiyo. Baadhi ya wenzao walipinga: bila mwili, kipi cha kupima? Muda mfupi baadaye mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima, na uchunguzi wa mwili huo ukasababisha, mwaka 2006, kipunji apewe jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus.

Wapinzani walikuwa na hoja, maana ule mwili uliongeza yale ambayo picha haikuweza kutoa. Lakini kuua mnyama adimu ili apate jina ni gharama ambayo karne ya 19 haikuihesabu. Kwa hiyo chini ya kila mchoro katika kurasa zinazofuata tumeeleza, pale inapojulikana, mchoraji alitazama nini: ngozi, mnyama wa kizimbani, au mchoro wa mwenzake.