Kidude si kibovu: acheni kunakili, anzeni kuuliza

Kila mwenye Vitz au Probox iliyotumika Japani anakijua kisa hiki. Gari linafika, redio inawaka, lakini Radio Citizen kwenye 106.7 haishiki. Redio si mbovu. Ilitengenezewa Japani, ambako FM ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90, na stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Basi unaenda Luthuli Avenue, fundi anakufungia ekspanda, ile saketi ndogo inayoshusha masafa yote kwa kiasi kimoja, na tangu siku hiyo unasikiliza Citizen huku skrini ikionyesha namba nyingine kabisa.

Hakuna anayesema gari ni feki. Tunajua redio imetoka kwingine, tunaitafutia dawa, maisha yanaendelea. Lakini mtu huyo huyo akinunua kidude cha RTL-SDR, akafungua somo la Mmarekani la mwaka 2013, akanakili amri zote neno kwa neno na zikakataa, hukumu inatoka papo hapo: kidude ni feki, Linux ni ngumu, haya mambo si ya huku kwetu. Nimesikia hukumu hiyo mara nyingi hapa Kahawa Sukari, na kila mara kidude kilikuwa kizima kabisa. Msimamo wangu ni huu: kinachotukwamisha si vifaa, ni tabia ya kunakili bila kuuliza. Mchagua jembe si mkulima.

Kwa wageni, kwanza redio ya programu ni nini? Redio ya kawaida huchagua stesheni, huichambua na kuigeuza sauti kwa kutumia saketi. Redio ya programu hupima mawimbi mara mamilioni kwa sekunde, inaimwagia kompyuta namba hizo, na kazi yote iliyobaki inafanywa na programu. Ekspanda ya Luthuli, kwa mfano, hapa ni kujumlisha na kutoa tu.

Zamani vifaa vya namna hii vilikuwa vya maabara zenye pesa. Mwaka 2012 mambo yakageuka. Antti Palosaari wa Finland, mwandishi wa draiva za Linux, na watu wa mradi wa Osmocom walionyesha kwamba chipu ya RTL2832U, iliyouzwa ndani ya vidude vya kutazamia TV kwenye kompyuta, inaweza kutoa namba ghafi za mawimbi. Ukiiunganisha na chipu ya R820T unapata redio inayosikia kuanzia megahezi 24 hadi 1766, kwa bei isiyofika ya simu janja ya bei nafuu.

Sasa tuje kwenye makosa yenyewe.

1. Linux inadhani umenunua TV

Ujumbe ni "usb_claim_interface error -6". Maana yake si kwamba kidude kimekufa. Maana yake ni kwamba draiva ya TV, dvb_usb_rtl28xxu, imekiwahi kabla yako. Iandike kwenye orodha ya zilizozuiwa ndani ya /etc/modprobe.d, chomoa, chomeka tena, kisha endesha rtl_test. Basi.

Na ucheke kidogo: chipu hiyo inaelewa DVB-T, na Kenya inarusha DVB-T2. Kama TV, kidude hicho hakina kazi hapa. Draiva inakishikilia kwa ajili ya matangazo ambayo hayapo hewani.

2. Somo limezeeka

Masomo mengi ya GNU Radio yaliyoandikwa kabla ya 2019 yanatumia madirisha ya WX. Toleo la 3.8, lililotoka 2019, liliyaondoa na kuhamia Python 3 na Qt. Ukifungua mchoro wa zamani, nusu ya visanduku vinakuwa vyekundu. Usifute mfumo mzima uanze upya! Badilisha kisanduku cha WX kwa kile cha Qt chenye kazi ile ile, na uhakikishe gr-osmosdr imejengwa kwa toleo la GNU Radio ulilonalo. Kosa linakuambia jina la kinachokosekana. Lisome hadi mwisho.

3. Namba za kwao si namba zako

Hapa ndipo pananikera zaidi. Kituo cha FM huongeza nguvu ya sauti nyembamba kabla ya kurusha, ili zisimezwe na mvumo, na redio yako inatakiwa kuzipunguza kwa kipimo hicho hicho. Marekani kipimo ni mikrosekunde 75. Huku kwetu, kama Ulaya, ni 50. Fungua faili la wfm_rcv.py ndani ya GNU Radio uone thamani iliyowekwa humo: 75e-6. Kwa hiyo Mkenya anayenakili tu anasikia sauti iliyofifia kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, kisha anasema antena ni mbaya. Weka 50e-6 uisikie tofauti.

Vivyo hivyo na fuwele ya kidude. Kwenye vidude vya bei ya chini inaweza kukosea kwa sehemu 50 katika milioni. Kwenye megahezi 100 hiyo ni kilohezi 5, na stesheni pana ya FM haijali. Kwenye megahezi 437 ni karibu kilohezi 22, na ishara nyembamba haitakuwa pale unapoitafuta. Programu ya kalibrate hupima kosa hilo kwa kulinganisha na mnara wa simu. Somo la Mmarekani litakuambia uandike GSM850. Hapa hutapata kitu. Andika "kal -s GSM900", kwa sababu huko ndiko minara yetu ya 2G iliko.

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Namba za kuazima pia.

4. Kelele si bahati mbaya

"Naona stesheni za FM kila mahali, hata zisipotakiwa kuwa." Umeongeza ukuzaji hadi mwisho, desibeli 49.6, ukidhani zaidi ni bora. Kidude hiki kina biti 8 tu. Minara ya FM iliyoko upande wa Limuru inakipigia kelele hadi kinaziba, halafu kinazua vivuli vya stesheni. Punguza ukuzaji. Kivuli kitapotea, stesheni ya kweli itabaki.

Kisha chomoa chaja. Chaja za bei rahisi, taa za LED na inveta za sola huchafua hewa vibaya sana. Wakazi wa Kahawa Sukari tuna maabara ya bure: stima ikipotea mtaa mzima na laputopu iko kwenye betri, tazama skrini. Ile sakafu ya kelele inashuka mbele ya macho yako. Mtu aliyeliona hilo mara moja hatauliza tena kwa nini antena huwekwa mbali na nyaya za umeme.

Kwa nini nalipigia kelele jambo hili?

Mnamo 11 Mei 2018 satelaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kila upande, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na washirika wake, na ilizungumza kwenye masafa ya redio ya ridhaa, karibu megahezi 437. Ilizunguka hadi ilipoungua kwenye angahewa mwaka 2020. Ilikuwa ndani ya uwezo wa kidude cha TV na antena ya nyaya mbili, mradi mtu ajue kurekebisha kosa la fuwele na yale mabadiliko ya masafa, karibu kilohezi 10 kila upande, yanayotokana na kasi ya satelaiti. Tulipiga makofi magazetini. Wangapi kati yetu tulipanda juu ya paa kuisikiliza?

Hilo ndilo ninaloliita hasara. Mwanafunzi wa mawasiliano anaweza kuhitimu akiwa ameujaza ubao mzima kwa milinganyo ya Fourier bila kuwahi kuona stesheni moja ya FM kwenye skrini yake. Akishaajiriwa, anasimamia mitambo ya kigeni kwa mwongozo wa kigeni, na ikikwama anampigia muuzaji simu. Kila mnara unaoona kutoka Thika Road unatumia masafa ambayo ni mali ya umma. Nchi isiyo na watu wanaojua kutazama masafa yake itaamini chochote inachoambiwa na anayeiuzia mitambo.

Najua mtakayosema.

"Hakuna soko." Lakini anayeweza kufuatilia hitilafu kutoka kwenye antena hadi kwenye mstari wa Python anaweza kufuatilia hitilafu popote. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kufanya kila siku, na sijawahi kufanya kazi kwenye kampuni ya redio.

"Ni haramu." Tutenganishe mambo. Kidude hiki kinapokea tu, hakirushi. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, na Mamlaka ya Mawasiliano haina mzaha hapo. Faragha ya mawasiliano ya watu inalindwa na kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, na mimi naiunga mkono kwa mikono miwili: usiguse simu wala ujumbe wa mtu. Lakini matangazo ya FM yamerushwa ili usikilize, na ndege hutangaza mahali zilipo kwenye megahezi 1090 bila kuficha chochote.

"Kila kitu kiko kwa Kiingereza." Hili nalikubali, ndiyo maana naandika kwa Kiswahili. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitupa Jambo OpenOffice na kuonyesha kwamba programu huria inaweza kuongea lugha yetu. Haikuhitaji ruhusa ya mtu, kwa sababu leseni yenyewe ni ruhusa. Na uhuru huo huo ndio unaokuwezesha kubadilisha 75 kuwa 50.

Basi wikendi hii fanya hivi. Pakua dump1090 ya Salvatore Sanfilippo, yule aliyeandika Redis. Weka antena dirishani au juu ya tangi la maji. JKIA iko kama kilomita 15 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ndege hazikosi. Utaona namba zikishuka kwenye skrini. Zinazoanza na 04C ni ndege zilizosajiliwa Kenya. Ukiona skrini tupu, usitafute somo jingine la kunakili. Jiulize: nani ameshika kidude? Ukuzaji ni kiasi gani? Chaja iko wapi? Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, andika ulichoona, kisha badilisha kinachofuata. Kifungo cha kurudisha mzigo dukani kiache hadi maswali hayo yaishe.