Usinionyeshe waya wa erthi, nionyeshe namba

Kuna kitu kinanikera na godauni za Industrial Area, na nitakisema hata mkinijazia inboksi. Ukiuliza kama mashine ziko na erthi, supavaiza anakuonyesha ule waya wa kijani na njano. "Si huo hapo." Sawa, tumeuona. Lakini uko sawa ndani?

Kazi ya erthi ni hii: stima ikigusa mwili wa mashine, ipate njia rahisi ya kurudi, mkondo uwe mkubwa, breka ikate hapo hapo. Sasa piga hesabu. Stima yetu ni volti 240. Tuseme njia hiyo iko na omu 20 juu ya nati yenye kutu ama udongo uliokauka kiangazi. 240 gawa kwa 20 ni ampia 12. Breka ya ampia 32 haitashtuka hata kidogo. Mashine inaendelea kunguruma, chuma chake kina stima, na kibarua anakuja kuipanguza na kitambaa chenye maji. (Niliacha uni, lakini hii ni fizikia ya sekondari.)

Na hata wale hupima, wengi hupima nje tu. Fundi anachomeka vijiti vyake kwa udongo, anasoma ukinzani wa fito ya erthi, anaandika ripoti, anaishia. Hiyo lazima ifanywe, sikatai. Lakini mashine ya kuchomelea? Pampu? Ile ekstenshoni imefungwa selotepu na waya wa tatu ulikatika kitambo? Hivyo ndivyo watu hushika siku nzima. Kupima kutoka pini ya plagi mpaka chuma cha mashine ni dakika chache tu, kwa hivyo msiniambie kazi itasimama. Vifaa vyenye alama ya mraba ndani ya mraba havitegemei erthi, hivyo viko na kinga mbili. Vingine vyote, pima.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 tayari inamtaka mwajiri aweke mitambo salama. Mimi nataka kitu kidogo zaidi: stika kwa kila mashine, iko na tarehe na namba iliyosomwa. Kwa sababu kibarua wa siku hawezi kudai ripoti ofisini. Akiuliza sana, kesho getini anaambiwa nafasi zimejaa. Stika anaisoma mwenyewe bila kuomba mtu.

Wewe uko godauni sahi, angalia mashine yako. Iko nayo?