Nilikata sehemu ambayo nyambizi yangu ilizama

Wasee, wengi wenu mlinijua kupitia ile video ya nyambizi. Paipu ya majitaka ya inchi 4, rangi nyeusi ya kupuliza, propela moja nyuma. Inateleza kwenye bwawa la kuogelea pale kwa rafiki yangu, inaenda chini polepole, halafu kata, inaibuka upande ule mwingine na muziki unapiga. Mlishea hadi simu yangu ikawa moto.

Hiyo "halafu kata" ndiyo nataka tuongee leo.

Wiki chache baadaye kijana mmoja wa Form 3 aliniandikia inboksi. Likizo yote alikuwa amefanya kibarua cha kubeba mawe, akatumia 8,400 kujenga yake akifuata video yangu hatua kwa hatua. Rimoti ni kama yangu, paipu ni kama yangu. Akaipeleka kwenye bwawa la kunyunyizia mashamba karibu na kwao, marafiki wamejaa hapo na simu wakirekodi. Ikaenda chini vizuri sana. Haikurudi. Akaniuliza swali moja tu: "Bosi, ya kwako ilirudi juu aje?"

Ya kwangu haikurudi. Rafiki yangu alivua shati, akapiga mbizi, akaitoa ikiwa imejaa maji. Tukaimwaga, tukaikausha, tukaiweka upande wa pili ikiwa inaelea, nikarekodi kipande cha mwisho. Nyinyi mkaona ushindi.

Sikudhani nimedanganya mtu. Kila mtu anakata, si ndio? Lakini kuna tofauti. Mtu wa mapishi akificha kwamba chapati ya kwanza iliungua, utakula chapati mbaya siku moja na maisha yataendelea. Ukificha penye nyambizi ilizama, umeficha somo lenyewe, kwa sababu kwa nyambizi kuzama ni rahisi. Hata tofali linazama. Kazi ni kurudi. Na yale yote yanayoirudisha juu ndiyo tunayotupa tukiedit, eti yanaboesha.

Wacha niwape sasa nilichowanyima.

Kwanza, rimoti. Nilitumia ile ya kawaida ya 2.4 GHz, ambayo leo iko kwa karibu kila droni na gari la kuchezea. Hewani ni poa kabisa. Ndani ya maji ni kama kumuita mtu aliyefunga mlango na kuweka spika: maji yanameza mawimbi ya masafa hayo, na baada ya sentimita chache risiva haisikii kitu. Maikrowevu ya jikoni inafanya kazi karibu na masafa hayohayo, na unajua inavyopenda maji kwenye chakula. Ndiyo maana wenye hobi hii hurudi kwa vifaa vya zamani vya 27 MHz au 40 MHz, vile vya antena ndefu ambavyo watu walitupa droni zilipofika. Hivyo vinapenya mita kadhaa za maji baridi. Narudia, maji baridi. Wale wa Mombasa mlionitumia picha za Nyali mkisema mnaijenga ya baharini, tulieni kwanza. Chumvi inafanya maji yapitishe umeme, na hata 40 MHz inakufa ndani ya sentimita chache. Si shida ya rimoti ya bei nafuu. Jeshi la wanamaji la Marekani liliwahi kuzungumza na nyambizi zake kwa 76 Hz, kwa kutumia nyaya za antena za makumi ya kilomita, mtambo ambao ulizimwa mwaka 2004. Wao na bajeti yao waliteseka na maji ya chumvi, seuze wewe na pesa ya likizo.

Pili, uzito, na hapa ndipo niliwakosea zaidi, kwa sababu kwenye video nilisema tu "ongeza uzito hadi itoshe." Itoshe nini sasa? Hebu tupige hesabu. Paipu ya milimita 110, urefu sentimita 50, inachukua nafasi ya karibu lita 4.75. Maji ya kiasi hicho yana kilo 4.75. Ya kwangu pamoja na betri, mota na kila kitu ilikuwa kilo 2, kwa hivyo inaelea kama mpira. Lazima uongeze karibu kilo 2.7 za vyuma au risasi ili ikaribie kuzama. Halafu ndani kuna sirinji ya mililita 60, ile kubwa unayopata agrovet, inayovutwa na mota. Ikivuta maji, nyambizi inakuwa nzito. Ikiyasukuma nje, inakuwa nyepesi. Hiyo ndiyo "injini" ya kuzama na kupanda.

Mililita 60 ni gramu 60. Hiyo ni yai moja la kuku. Kitu chote cha kilo 4.75 kinapanda na kushuka kwa uzito wa yai moja. Ukikosea uzito kwa mayai mawili, sirinji haiwezi kukusaidia. Na kama maji yanaingia ndani polepole, yakifika yai moja umekwisha. Unaweza kuishika rimoti na kuomba kwa lugha zote, haipandi.

Ya kwangu ilivuja pale shafti ya propela inapotokea. Nilikuwa nimepaka silikoni nikaridhika. Silikoni hushika kitu kilichotulia, lakini shafti inazunguka, inajichimbia njia. Dawa yake ni kijibomba cha shaba kilichojazwa grisi nzito, na oringi ya raba mwishoni. Oringi utapata Kirinyaga Road kwa watu wa spea za magari. Au usitoboe kabisa: weka sumaku ndani ya paipu na sumaku nje, ya ndani ikizunguka inaiburuta ya nje pamoja na propela. Yule jamaa wa Brick Experiment Channel anafanya hivyo na nyambizi zake za Lego.

Na huyo jamaa ndiye jibu langu kwa wale watasema hakuna mtu ataketi kutazama paipu kwenye beseni. Haongei hata neno moja. Anaonyesha kitu kikivuja, kikigonga, kikikwama, anabadilisha, anajaribu tena. Mamilioni ya watu wanatazama. Sisi tunadhani watazamaji ni wajinga kuliko walivyo.

Kuna swali lingine huwa linakuja kwenye komenti, na huwa linaniudhi: "Sasa hii inasaidia nini?" Septemba 29, 2019 gari liliteleza kutoka kwa feri ya MV Harambee pale Likoni, mama na mtoto wake ndani. Lilitolewa Oktoba 11. Nchi nzima ilikaa kwa televisheni karibu wiki mbili ikiangalia maji. Sisemi paipu yangu ingesaidia, kwanza nimewaambia redio haipiti kwenye maji ya chumvi, na vyombo vya kazi kama ile huendeshwa kwa waya. Nasema tu tuna bahari, tuna Victoria, tuna Turkana, na tukiwa darasani maji ni swali la alama 2 kuhusu Archimedes. Droni ukitaka kurusha hapa Kenya lazima upitie mamlaka ya anga. Beseni na paipu haihitaji ruhusa ya mtu.

Lakini anzeni na beseni kweli. Funga paipu, weka tishu kavu ndani, izamishe usiku kucha chini ya jiwe. Asubuhi tishu ikiwa na hata doa moja la maji, hujamaliza. Mimi nilifanya dakika 5 nikasema iko sawa.

Na ya kwanza, msiijenge kama yangu. Iacheni iwe nyepesi kidogo, ielee, mapezi tu yawe nje ya maji. Wekeni mabawa madogo pembeni, ikikimbia mbele mabawa yanaisukuma chini. Sirinji ngojeni hadi ya pili. Uzuri wa hii ni kwamba betri ikiisha au rimoti ikipotea, inapanda yenyewe, mradi haijavuja. Na fungeni mshipi wa kuvulia samaki nyuma, na chupa tupu ya soda kwenye ncha nyingine. Shilingi chache tu. Kama ningeonyesha mshipi kwenye video, yule kijana angeivuta tu akaenda nao nyumbani.

Sikuonyesha kwa sababu ungeharibu picha. Ni hivyo tu, sina sababu nyingine.

Nilimjibu. Nilimwambia ukweli, na nikamwambia asiingie kwenye lile bwawa kuitafuta, hata rafiki zake wakimcheka. Tope la mabwawa ya mashamba linashika miguu, na hakuna mota inayostahili hiyo hatari. Nikajitolea kumrudishia nusu ya pesa. Alikaa siku mbili bila kujibu. Nilijua amekasirika, na alikuwa na haki. Halafu akaandika kwamba pesa atachukua, asante, lakini kwanza anataka kujua nilipima uzito na mizani gani, kwa sababu ya kwao ya jikoni inaanzia gramu 50.

Mizani yangu inapima gramu 1, nitamtumia nikimaliza ya pili. Video nzima nimeirudisha juu bila kukata, dakika 22. Inazama dakika ya 14.